Saa ya Chumba cha Baridi

Ninyi mnaobaki na funguo za chumba cha seva mliniomba, siku ile ya soda na biskuti za kuniaga, niandike namna kazi ilivyokuwa. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika juu ya vyeo. Katika maisha yangu nilipata viwili tu, na kimoja walikosea kuandika jina langu. Nitaandika juu ya saa. Nimetengeneza printa, nimevuta nyaya juu ya dari zenye panya, nimewarudishia watu nywila ambazo ni majina ya watoto wao wenyewe. Lakini kazi ya kuzifanya kompyuta za Butembo na Beni zikubaliane saa ndiyo iliyonifunza kuliko zote, na ndiyo iliyoniaibisha kuliko zote.

Nilipoingia shirikani sikuwa mtu wa kompyuta. Nilitoka Kipese, kule juu kwenye viazi na baridi, nikiwa na ujuzi wa kuchomelea redio niliojifunza kwa mjomba wangu. Shirika letu lilipeleka dawa na chanjo kwenye vituo vya afya, ofisi kubwa ikiwa Butembo na ndogo Beni. Katika chumba cha mawasiliano kulikuwa na meza, betri mbili za gari na foni, ile redio ya sauti ya mbali tuliyozungumzia na vituo vyote. Nyuma ya foni alikaa Papa Ramazani. Ndugu zake wote walikuwa wenye malori. Yeye alisema malori yana kelele, akachagua redio, ambayo ilikuwa na kelele zaidi.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kwenda kuangalia kama betri ya nje imejaa. Nilimkuta mlinzi njiani, nikamuuliza, akasema imejaa, nikarudi kutoa habari. Papa Ramazani hakuinua kichwa.

“Uliona na macho, ao balikuambia?”

“Mlinzi ameniambia.”

“Rudia.”

Nilirudi. Betri ilikuwa nusu. Swali hilo aliniuliza kwa miaka yote tuliyokaa pamoja, juu ya betri, juu ya antena, hata juu ya mvua. Mwanzoni lilinikasirisha sana.

Kila asubuhi, saa moja kamili, aliita vituo kimoja kimoja: Beni, Mabalako, Kyavinyonge. Jambo la kwanza halikuwa habari za wagonjwa wala za barabara. Lilikuwa saa. “Beni, saa yako inasema nini?” Beni ikisema moja na dakika nne, alijibu, “Acha yako, kamata yangu.” Saa yake ya mkononi aliipima kila siku kwa mlio unaotangulia habari kwenye redio za ng'ambo, na kwa kuwa aliswali kwa wakati, hakuna aliyethubutu kubishana naye. Nilimuuliza siku moja kwa nini tusikubali tu kila kituo kiwe na saa yake, mradi tofauti ni ndogo.

“Saa inatoka ku mutu moja,” alisema. “Bakikuwa babili, hauna saa tena. Uko na mabishano.”

Kila kitabu nilichosoma baadaye juu ya kupanga saa za mtandao kilinieleza jambo hilohilo kwa kurasa mia mbili.

Kisha kompyuta zikaja, foni ikafunikwa kitambaa, Papa Ramazani akastaafu. Mimi nilipelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, nikarudi nikiwa mtaalamu. Kosa langu la kwanza la kitaalamu lilikuwa kuzipa kompyuta majina ya watu wanaozitumia. Mnajua wenyewe namna sisi Wanande tunavyopewa majina kwa kufuata nani alizaliwa wa ngapi. Ofisi ilikuwa na Kambale watatu na Masika wawili. Seva ilikataa kompyuta ya pili yenye jina la Kambale, na Kambale mwenyewe akaja kulalamika kwamba ninampendelea yule wa usafiri. Tangu hapo nilitumia namba. Namba hazina wivu.

Kosa la pili ndilo la hadithi hii, na nililifanya pamoja na mji mzima. Sisi huku tuko lisaa limoja mbele ya Kinshasa, na Uganda iko lisaa limoja mbele yetu. Madereva wetu wakirudi kutoka Kasindi na laini za Uganda kwenye simu, walifika kazini mapema bila kukusudia, wakasifiwa. Sasa, kompyuta mpya ukiiwasha inakuuliza uko upande gani wa dunia. Orodha yake haina Butembo wala Beni. Mstari wenye saa yetu ya kweli umeandikwa Harare na Pretoria. Mtu wa Butembo anayeambiwa achague Harare anadhani kompyuta imemchanganya na mtu mwingine. Kwa hiyo sote tulichagua mstari wa saa ya Kinshasa, mji mkuu wetu, halafu tukiona saa iko nyuma, tukaisukuma mbele kwa mkono. Ukiangalia saa ya ukutani na ukiangalia kioo cha kompyuta, saa ni ileile. Nilifanya hivyo kwenye kila mashine, na nikawafundisha wengine wafanye hivyo.

Ubaya wake hauonekani kwa macho. Kompyuta inatunza ndani yake saa moja ya dunia nzima, halafu inaongeza masaa ya mahali ulipoiambia iko. Ukiisukuma kwa mkono unaidanganya ndani ili iseme kweli nje. Mashine ikiwa peke yake, hilo halimsumbui mtu. Matata huanza siku inapokutana na wenzake.

Siku hiyo ilikuja tulipounganisha ofisi ya Beni na seva kubwa ya Butembo. Seva ile haimruhusu mtu kuingia kama saa ya mashine yake inapishana na ya kwake kwa zaidi ya dakika tano, kwa kuogopa wezi. Yenyewe ilikuja imepangwa kwa saa ya kweli, na mashine za Beni zilipishana nayo kwa dakika sitini. Asubuhi yake simu ya kwanza ilitoka kwa Katungu, muuguzi aliyesimamia chumba cha baridi cha Beni, mahali chanjo zinapotunzwa. Katungu aliandika kitabu chake cha zamu kwa herufi ambazo ungedhani zimepigwa chapa, na alikuwa na subira na kila kiumbe isipokuwa mashine.

“Papa Kakule, machine inanikatala,” alisema. “Inasema mi haiko mi.”

“Ni saa, Mama Katungu.”

“Saa ya nani? Yangu iko muzuri.”

Nilipanga upya kila kitu, na nakiri nilijivuna. Seva ya Butembo ilichukua saa kutoka nje kupitia intaneti, na intaneti ikikatika, kutoka kwenye kipokezi kidogo cha setelaiti nilichofunga juu ya paa. Seva ndogo ya Beni ilichukua kutoka Butembo. Kompyuta zote za Beni zilichukua kutoka seva ndogo, na hakuna mtumiaji aliyeruhusiwa tena kugusa saa kwa mkono. Ilikuwa foni ya Papa Ramazani, ila sasa inaita usiku na mchana. Jambo moja tu nilipaswa kulifanya kwa miguu: kwenda Beni, kukaa mbele ya kila mashine, kuitoa kwenye mstari wa Kinshasa na kuiweka kwenye ule wa Harare. La sivyo ingepokea saa sahihi ya dunia na kuisoma kwa hesabu ya Kinshasa, lisaa limoja nyuma.

Nilikwenda na karatasi yenye mashine kumi na nne, na kisanduku cha kutia alama mbele ya kila moja. Kumi na tatu nilizimaliza kabla ya saa saba mchana. Ya kumi na nne ilikuwa ndani ya chumba cha baridi, kasha dogo lisilo na kioo, linaloandika digrii za joto kila baada ya dakika tano. Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa na Katungu, na Katungu alikuwa Mabalako akipeleka chanjo, kurudi kesho yake. Magari ya kwenda Butembo yalikuwa yanaondoka kwa pamoja saa nane, kwa usalama wa njia, na dereva wangu alikuwa amekwisha kuwasha. Nilisema moyoni kwamba mashine hii nakumbuka niliiweka vizuri. Nikatia alama, nikaweka sahihi chini ya karatasi, nikapanda gari.

Wiki mbili baadaye mkuu wa ofisi ya Beni, tuliyemwita Docteur tu, alinipigia simu. Chanjo zilizokuwa kwenye chumba cha baridi zilikuwa zimepata joto na kutupwa. Akina mama waliokuja na watoto wamerudishwa nyumbani, wengine kwa miguu. Kasha lilionyesha joto lilianza kupanda saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kitabu cha Katungu, kwa herufi zake nzuri, kilisema alifungua mlango saa tatu kutoa masanduku ya Mabalako, akaufunga saa tatu na dakika ishirini. Docteur aliona jambo ni wazi: aliuacha mlango wazi, akaandika kwamba aliufunga.

“Yeye anasema ni courant,” aliniambia, yaani umeme. “Mais carnet ya mulinzi inaonyesha courant ilienda saa ine na dakika tano, na generator ikatembea karibu saa saba. Joto ilishaanza mbele ya pale. Donc saa ya ile machine ni ya kweli?”

“Ni ya kweli,” nilisema. “Niko na karatasi, nimetia alama na sahihi.”

“Uje nayo mardi. Atasimamishwa kazi mbele ya wote, ili bengine bajue.”

Mume wa Katungu alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na watoto wanne walisoma kwa kazi ile. Hilo kila mtu alilijua. Nilisikitika kama mtu anavyosikitika mwenzake akipatwa, nikaweka karatasi kwenye mfuko.

Nilifika Beni Jumatatu, siku moja kabla, ili nichapishe orodha ya digrii vizuri kwa ajili ya mkutano. Docteur alinipa ufunguo aliokuwa amemnyang'anya Katungu. Niliingia na kioo cha kuazima mkononi, nikakiunganisha na kasha. Kioo kilisema saa mbili na nusu asubuhi. Saa yangu ya mkononi ilisema tatu na nusu.

Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Kasha lilikuwa bado linahesabu kwa saa ya Kinshasa. Zamani lilisema kweli kwa sababu nililisukuma kwa mkono. Mpango wangu mzuri wa seva ndio uliolirudisha nyuma, na halikuwa na kioo cha kumwonyesha mtu. Saa tatu na dakika kumi iliyoandikwa humo ilikuwa saa nne na dakika kumi ya Beni, dakika tano baada ya umeme kukatika. Mlango wa Katungu ulikuwa umefungwa karibu lisaa limoja kabla ya joto kuanza. Jenereta ilichelewa kwa sababu pipa la mazutu, mafuta yake, lilikuwa tupu, likisubiri sahihi ya Docteur mwenyewe.

Na mtu aliyeandika kwamba amefanya jambo ambalo hakulifanya alikuwepo kweli. Alikuwa mimi.

Nitawaambia niliyoyawaza, maana nikiyaficha haya hamtajifunza kitu. Kulirekebisha kasha kulitaka dakika mbili. Hakuna ambaye angejua. Zaidi ya hayo, ningeweza kumwambia Docteur kwamba kuna hitilafu ya mtandao, maneno ambayo watu wa ofisi huyakubali bila kuuliza, na Katungu angeokoka bila mimi kutajwa. Nilikuwa karibu na pensheni. Niliogopa, tena sana. Nilitoka nje nikampigia Papa Ramazani, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kukaa barazani kwake Butembo akisikiliza redio. Nilimweleza yote. Alikohoa kwanza.

“Ile karatasi,” alisema, “ulitia alama juu uliona na macho, ao balikuambia?”

“Hakuna mutu aliniambia, Papa. Nilijiambia mie mwenyewe.”

Nilisikia akipunguza sauti ya redio yake.

“Basi utasema vile,” alisema. “Vile vile unaniambia.”

Sikugusa kasha. Jumanne asubuhi nililibeba mpaka kwenye mkutano pamoja na kioo chake, nikaliwasha juu ya meza, nikaweka saa yangu ya mkononi kando yake. Katungu alikaa mwisho wa benchi, mikono juu ya kitabu chake cha zamu. Hakuniangalia. Alijua nimekuja na karatasi.

Docteur alianza. “Katungu, machine haina faida ya kukusingizia.”

“Mi nilifunga,” alisema Katungu. “Nilifunga, nikavuta kitasa mara mbili, nikaandika. Hapana kuandika kitu sikufanya. Basi kama munanifukuza, munifukuze, mais musiseme nilidanganya.”

Nilisimama. Niliwaambia wasome saa mbili zilizo mezani. Niliwaeleza juu ya mstari wa Kinshasa, na mkono, na seva, taratibu, mpaka hata mlinzi akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha nikatoa karatasi yangu.

“Hii alama ya kumi na nne,” nilisema, “niliitia bila kuona. Mlango ulikuwa umefungwa na gari lilikuwa linaningoja. Juzi nilimwambia Docteur kwa simu kwamba saa ni ya kweli. Sikuwa najua. Kitabu cha Mama Katungu ndicho cha kweli, karatasi yangu ndiyo ya uongo. Na mzee aliyenifundisha kazi alinionya juu ya jambo hili siku ya kwanza kabisa. Alikuwa akiniuliza: uliona na macho, ao balikuambia?”

Docteur alichukua carnet ya mlinzi, daftari lake la zamu, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Aliifunga bila kusema lolote juu ya mazutu. Halafu aliweka ufunguo wa chumba cha baridi mezani na kuusukuma mpaka mbele ya Katungu, ambaye hakuuchukua mara moja. Aliangalia karatasi yangu kwanza, akasoma mistari yote kumi na nne, kisha akaniangalia mimi. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Alisema, “Wasingya,” yaani asante kwa Kinande chetu, bila kutabasamu, akachukua ufunguo akaenda kazini. Asante ile iliniuma kuliko matusi.

Mimi nilipata barua ya onyo. Iko kwenye faili langu, ukurasa wa mwisho, mnaweza kuisoma. Jina langu safari hii waliliandika sawasawa. Kasha nililiweka kwenye mstari wa Harare siku ileile, nikalifungia kioo kidogo cha kudumu, na ndiyo sababu mnakiona pale ukutani na kuuliza ni cha nini. Ndiyo sababu pia nilidai mara moja kila mwezi mtu aende na saa ya mkononi mbele ya kila mashine, ingawa seva inaweza kuwaambia yote mkiwa mmekaa. Betri ndogo za ndani, zinazoshika saa mashine ikizimwa, zinazeeka, na zile za bei rahisi za sokoni Butembo hufa kabla ya risiti yake kufifia. Mashine ikiamka na mwaka wa zamani haitawaambia kwamba inaona haya.

Wiki yangu ya mwisho nilikwenda Beni kukabidhi kazi. Katungu sasa ndiye mkuu wa ghala lote la chanjo. Tulikuwa hatujazungumza sana miaka hii, zaidi ya salamu na kazi. Karatasi ya makabidhiano ilikuwa mezani kwake, mashine ishirini na mbili, na mimi, kwa kuwa nilizipitia zote mwezi uliotangulia, nilikaa nikafungua kifuniko cha kalamu nitie alama. Aliichukua kalamu mkononi mwangu.

“Twende,” alisema.

Tulipita mashine zote, yeye na karatasi, mimi na saa ya mkononi. Ilituchukua asubuhi nzima. Magari ya Butembo yalikuwa yanajipanga nje, dereva akapiga honi mara mbili, na hakuna aliyemjali. Mwisho alifungua chumba cha baridi, tukaingia, tukasimama mbele ya kile kioo kidogo ukutani, pumzi zetu zikitoka nyeupe. Niliangalia kioo, nikaangalia mkono wangu, nikasubiri dakika igeuke kwenye saa zote mbili.

“Uliona na macho, Papa Kakule?”

“Niliona.”

Akanirudishia kalamu.